Makro Inapogoma: Mwongozo wa Kutafuta Makosa kwenye Mashine ya CNC, kwa Mafundi wa Gitega na Muyinga

Alamu ikiwaka kwenye skrini ya mashine ya CNC, mafundi wengi hukimbilia mstari ulioonyeshwa na kuanza kuufuta na kuuandika upya. Katika makro, mstari huo mara nyingi ni mzima. Umekwama kwa sababu umepewa namba mbovu, au haukupewa namba kabisa, na kosa lenyewe limefanyika mistari mingi nyuma, pengine kwenye programu nyingine. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: chunguza vigeu kwanza, mistari baadaye.

Kanuni hiyo ina uzito zaidi kwa fundi aliye Gitega au Muyinga. Wakala wa mtengenezaji yuko mbali, na kumwita fundi kutoka Nairobi au Dar es Salaam ni gharama ya nauli, malazi na siku za kusubiri. Msimu wa kahawa nao haungoji. Vituo vya kuoshea kahawa vya Kirimiro, Karusi na Muyinga vikianza kupokea matunda, flanji ya pampu au bushi ya mashine ya kumenya inatakiwa leo.

Maelezo haya yanahusu makro za vidhibiti vya Fanuc, zile zinazotumia alama # na amri ya G65. Vidhibiti vya Haas na Mitsubishi vinafanana navyo kwa sehemu kubwa katika uandishi wa makro. Siemens hutumia vigeu vya R na lugha yake yenyewe, hivyo namba za alamu zilizomo humu hazitakufaa huko, ingawa njia ya kufikiri ni ileile. Pale kitabu cha mashine yako kinapotofautiana na maelezo haya, fuata kitabu.

1. Usibonyeze RESET kwanza

Hili ndilo kosa la mwanzo na ndilo linalofuta ushahidi. Alamu inapotokea, thamani zilizosababisha kosa bado zimo kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukibonyeza RESET, vigeu vya ndani, #1 hadi #33, kwa kawaida hufutwa. Vigeu vya pamoja, #100 hadi #199, navyo vinaweza kufutwa, kutegemea parameta namba 6001 ilivyowekwa.

Fanya hivi badala yake:

- Hakikisha spindo imesimama na hakuna mhimili unaotembea. Ikiwa kuna hatari, bonyeza kitufe chekundu cha dharura. Usalama wa mtu unatangulia ushahidi.
- Piga picha ya skrini ya alamu kwa simu, namba na maneno yake.
- Piga picha ya ukurasa wa programu, ionekane mstari uliosimama na namba ya programu.
- Bonyeza OFFSET/SETTING, kisha tafuta kitufe cha MACRO chini ya skrini. Kwenye vidhibiti vingi kiko kurasa za mbele. Piga picha ya #1 hadi #33, ya #100 na kuendelea, na ya #500 na kuendelea.

Ukiwa na picha hizo unaweza kubonyeza RESET. Picha hizohizo ndizo utakazozituma kwa simu kwa fundi mwenzako wa Bujumbura au Kigali ukihitaji msaada. Bila hizo, atakachofanya ni kubahatisha.

2. Jua kila kundi la vigeu linaishi wapi

- #1 hadi #33 ni vya ndani. Huishi ndani ya makro moja na hufa makro inapomalizika kwa M99. Makro ikiita makro nyingine kwa G65, ile ya pili hupata #1 hadi #33 zake mpya. Mwito wa aina hii unaweza kupangwa ngazi nne tu.
- #100 hadi #199 ni vya pamoja. Programu zote huviona, lakini umeme ukizimwa hufutika. Vidhibiti vingine huishia #149.
- #500 na kuendelea navyo ni vya pamoja, na hubaki hata mashine ikizimwa, kwa nguvu ya betri ya kumbukumbu.
- #1000 na kuendelea ni vya mfumo: mahali mihimili ilipo, urefu wa zana, nukta za kuanzia kazi, saa. Baadhi husomwa tu, haviandikwi.
- #0 ni tupu daima. Hakuna anayeweza kukipa thamani.

Kati ya #33 na #100 hakuna kigeu. Mtu akiandika #50, mashine itakataa.

3. Soma namba ya alamu ipasavyo

Vidhibiti vya zamani huandika namba peke yake, kwa mfano 112. Vipya huandika PS0112. Hizi ndizo zinazoonekana sana kwenye makro:

- 010: amri ya G haitambuliki. Ikiwa mstari una G65 na umeandikwa sawa, huenda mashine hiyo haikununuliwa na huduma ya makro. Kwa mashine iliyokwishatumika, jambo hili lithibitishwe kabla ya kulipa.
- 078 na 128: programu iliyoitwa haimo kwenye kumbukumbu, au namba ya N iliyotajwa na GOTO haipo.
- 112: kugawanya kwa sifuri. Angalia kigeu kilicho chini ya alama ya kugawanya.
- 114 na 125: uandishi mbaya. Aghalabu ni mabano duara mahali pa mabano ya mraba. Kwenye Fanuc hesabu hufungwa kwa [ ]. Maneno ndani ya ( ) ni maelezo tu na mashine huyaruka. SIN(30) ni kosa, SIN[30] ni sawa.
- 115: namba ya kigeu haipo. Angalia pia kama herufi O imeandikwa mahali pa sifuri.
- 116: umejaribu kuandika kwenye kigeu cha kusomwa tu.
- 118: mabano ya mraba yamepangwa zaidi ya tabaka tano.
- 119: hesabu isiyowezekana, kama kipeuo cha pili cha namba hasi.
- 124 na 126: WHILE haina END yake, au DO imepewa namba isiyo 1, 2 au 3.
- 127: amri ya mwendo na amri ya makro zimewekwa mstari mmoja. Zitenganishe.
- 129: herufi isiyoruhusiwa kubeba thamani. G, L, N, O na P hazibebi thamani kwenda kwenye makro.

Alamu za 3000 na kuendelea ni tofauti: zimeandikwa na mtu. Aliyetunga makro aliweka #3000=1 na ujumbe, na mashine inaonyesha 3001. Maana yake utaipata ndani ya makro yenyewe, si kwenye kitabu cha Fanuc. Fungua makro, tafuta #3000, usome sharti lililotangulia.

4. Makosa yasiyo na alamu

Alamu ni rafiki, kwa kuwa inasimamisha kazi. Kinachovunja keekee ni makro inayokwenda hadi mwisho ikifanya jambo lisilotakiwa. Chukua makro hii ya kutoboa matundu kuzunguka flanji:

O9010
#31=0
WHILE [#31 LT #11] DO1
#32=#1+#31*360/#11
G81 X[#24+#18*COS[#32]] Y[#25+#18*SIN[#32]] Z#26 R2. F#9
#31=#31+1
END1
G80
M99

Inaitwa hivi kutoka programu kuu, kwa matundu sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 120:

G65 P9010 X0. Y0. R60. A0. H6 Z-15. F120.

Kila herufi ina kigeu chake: A ni #1, F ni #9, H ni #11, R ni #18, X ni #24, Y ni #25, Z ni #26. Usibahatishe kwa mpangilio wa alfabeti. D ni #7, na I, J, K ndizo #4, #5 na #6. Bandika jedwali hili ukutani kando ya mashine.

Sasa angalia jinsi mstari mmoja wa mwito unavyoweza kuharibu kazi huku makro yenyewe ikiwa haina kosa.

Umesahau H. #11 ni tupu. Kwenye LT, tupu huhesabiwa kama sifuri. Sifuri si ndogo kuliko sifuri, basi WHILE inarukwa. Hakuna tundu hata moja, hakuna alamu, na programu inaendelea kwenye zana inayofuata. Mtungaji mwingine angeweka 360/#11 kabla ya WHILE, na hapo ungepata alamu 112 kwenye mstari wa kugawanya. Mstari huo hauna kosa. Kosa liko kwenye programu kuu.

Umesahau R. #18 ni tupu, nayo ndani ya kuzidisha huwa sifuri. Keekee inashuka mara sita palepale katikati ya flanji.

Umeandika R60 bila nukta. Kwenye mashine nyingi zinazopima kwa milimita, namba isiyo na nukta kwenye herufi kama X, Y, Z na R husomwa kwa sehemu za elfu moja za milimita. Sitini inakuwa 0.06. Matundu sita yanalaliana, na kwa macho utaona tundu moja pana kidogo. H haiathiriki, kwa sababu huchukuliwa kama namba nzima. Kuna mashine zilizowekwa parameta ya kusoma kama kikokotoo, lakini usitegemee. Weka nukta kwenye kila kipimo.

Umeandika M98 P9010 badala ya G65. M98 huita programu lakini haipeleki thamani. Vigeu vyote vinabaki kama vilivyokuwa kwenye programu kuu, mara nyingi vitupu.

5. Tupu si sifuri

Ukilielewa hili, nusu ya makosa ya makro utayaona kabla hayajatokea. Sifuri ni mtu aliyeulizwa ana kiasi gani akajibu "sina". Tupu ni mtu ambaye hajajibu kabisa. Kidhibiti huwatofautisha mahali fulani na kuwachanganya mahali pengine:

- Kwenye mwendo, tupu hufanya herufi ipuuzwe. G00 X#1 Y10., #1 ikiwa tupu, mashine inakwenda Y10 tu na X haisogei. #1 ikiwa sifuri, inakwenda X0. Tofauti hiyo inaweza kuwa zana kugonga vaisi.
- Kwenye hesabu, tupu ni sifuri.
- Kwenye EQ na NE, tupu si sifuri. IF [#11 EQ 0] haitamnasa aliyesahau H. Itamnasa IF [#11 EQ #0].
- Kwenye GT, GE, LT na LE, tupu huhesabiwa kama sifuri.

Kwenye ukurasa wa MACRO, kigeu kitupu kina nafasi wazi, cha sifuri kimeandikwa 0. Ukiona nyota mfululizo, thamani imekuwa kubwa mno au ndogo mno kuonyeshwa.

Kwa hiyo weka walinzi mwanzoni mwa makro, chini ya O9010:

IF [#18 EQ #0] GOTO 901
IF [#11 LE 0] GOTO 902

na baada ya M99:

N901 #3000=1(R HAIPO)
N902 #3000=2(H HAIPO)

LE inamnasa aliyesahau H na pia aliyeandika sifuri au namba hasi. Ujumbe uandike kwa lugha ambayo wote wanaotumia mashine wanaisoma, iwe Kiswahili, Kirundi au Kifaransa. Uwe mfupi, kwa herufi kubwa.

6. Umeme ukikatika katikati ya kazi

Mradi wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 za kugawana kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, una njia ya kilovolti 220 inayofika Gitega kwa kupitia Muyinga. Pamoja na hayo, umeme wa REGIDESO hukatika, na mafuta ya jenereta si ya kutegemea. Programu yako itungwe kwa kujua hivyo.

Tuseme asubuhi umepima unene wa pande la chuma na kuuweka kwenye #101. Saa nane mchana umeme unakatika, unarudi baada ya dakika kumi. #101 sasa ni tupu. Programu inayosema Z#101 haitatoa alamu, itaipuuza Z tu. Kipimo kinachotakiwa kuvuka siku kiweke kwenye #500 na kuendelea.

Lakini #500 nazo zina hatari ya kinyume. Zinakumbuka kazi ya wiki iliyopita. Usipoweka kipimo kipya, mashine itatumia cha zamani kwa uaminifu wote. Kazi mpya inapoanza, kabla ya kupima, futa zile unazozitumia, kwa mfano #501=#0, na kwenye programu kuu weka mlinzi anayekataa kuendelea kama hazijajazwa upya.

Baada ya umeme kurudi:

- Ondoa zana kwenye kazi kwa mkono, polepole, kabla ya jambo lolote.
- Rudisha mihimili nyumbani kama mashine yako inahitaji hivyo.
- Fungua ukurasa wa MACRO na uthibitishe vigeu kimoja kimoja.
- Usianzie katikati ya makro. Ukianza ndani ya WHILE, kidhibiti kitakuta END bila DO na kutoa alamu 124. Mbaya zaidi, hesabu za mwanzo zitakuwa hazikufanyika. Rudi mwanzo wa zana ile.

Betri ya kumbukumbu ndiyo inayoshikilia parameta, programu na vigeu vya #500. Alama ya BAT ikianza kumulika, usingoje wiki ipite. Nakili kila kitu kwenye kadi au USB kwanza, kisha badili betri kwa utaratibu wa kitabu cha mashine, siku ambayo umeme ni wa uhakika. Betri za mihimili ni nyingine. Kwenye mashine nyingi hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Zikifa, mashine itasahau nyumbani kwake na kudai irejeshwe.

7. Fuatilia hatua kwa hatua

Ukiwa na picha za vigeu na bado hujaona kosa, iendeshe makro polepole.

Kitufe cha SINGLE BLOCK peke yake hakitoshi, kwa sababu kwa kawaida mistari ya hesabu hupita bila kusimama. Parameta 6000, biti ya 5, ikiwekwa 1, kila mstari wa makro husimama, nawe unaweza kutazama kigeu kinavyobadilika. Ukimaliza, irudishe 0. Andika kwenye daftari thamani ya zamani kabla ya kugusa parameta yoyote.

Njia isiyogusa parameta ni kuweka mstari wa #3006=1(ANGALIA 32) mahali unapopashuku. Mashine husimama na kuonyesha ujumbe, unafungua ukurasa wa MACRO, unasoma #32, unabonyeza CYCLE START na kuendelea. Fanya majaribio hayo ukiwa umeinua nukta ya Z milimita 100 juu ya kazi.

Mambo mengine matatu huwapotosha hata mafundi wazoefu:

- Kusoma mapema. Kidhibiti husoma mistari ya mbele wakati mhimili bado unatembea. Makro inayosoma mahali mashine ilipo inaweza kupata namba ya kabla ya mwendo kumalizika. Weka M00 kabla ya mstari huo wakati wa majaribio. Kosa likitoweka, umepata chanzo chake.
- Namba ya N iliyorudiwa. N100 ikiwa mara mbili kwenye programu moja, GOTO 100 inaweza kwenda kusikotakiwa, bila alamu.
- Usawa wa desimali. Matokeo ya hesabu za SIN na kugawanya hayalingani kabisa na namba uliyotarajia. Badala ya IF [#1 EQ #2], andika IF [ABS[#1-#2] LT 0.001].

8. Usiguse makro za mtengenezaji

Programu za O9000 hadi O9999 mara nyingi zimefungwa kwa parameta 3202. Baadhi ni za mtengenezaji wa mashine: kubadili zana, kupima urefu, kubadili pande la kazi. Makro yako unaweza kuiweka humo baada ya kuithibitisha, ili mtu asiifute kwa bahati mbaya. Za mtengenezaji ziache. Makosa kwenye makro ya kubadili zana hupinda mkono wa chuma, na mkono huo hauuzwi sokoni Gitega.

Kwa kila makro unayoitumia, weka kwenye daftari la karakana ukurasa mmoja: namba yake, kazi yake, herufi inazohitaji, vigeu vya #100 na #500 inavyogusa, tarehe ya mabadiliko ya mwisho na jina la aliyebadili. Makro mbili zikigombea #501, ni daftari hilo litakaloonyesha. Anayefanya kazi Muyinga aweke nakala ya daftari na ya kumbukumbu ya mashine kwa mwenzake wa Gitega, na wa Gitega afanye vivyo hivyo. Siku kidhibiti cha mmoja kitakapopoteza kumbukumbu, nakala hiyo itamrudisha kazini bila kumngoja mgeni wa kutoka nje. Anza leo kwa jambo dogo: nakili vigeu na programu zako zote kabla hujazima mashine.